Barua ya Mama kwa Senti Tatu

Ukiishika barua ambayo mama wa shambani huko Marekani alimwandikia mwanawe mwaka 1838, utaona kwamba haina bahasha. Ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne. Tatu zimejaa maandishi. Ya nne imeachwa wazi katikati tu, mahali pa jina na anwani, maana karatasi yenyewe ilikunjwa tena na tena mpaka ikajifunga, kisha ikabandikwa lakiri. Hata pembe zilizoingia ndani wakati wa kukunja zimeandikwa. Na kama nafasi haikumtosha, mama aliigeuza karatasi ubavu akaanza upya, mistari ya pili ikikatiza ya kwanza kama nyuzi za mkeka, hivi kwamba msomaji wa leo hulazimika kuiinamisha huku na huku mpaka jicho lizoee kufuata upande mmoja na kuusahau mwingine. Pale lakiri ilipong’olewa pana tundu, na tundu hilo limeondoka na neno au mawili.

Ubahili huo ulikuwa na sababu. Kwa sheria ya posta ya mwaka 1825, bei ya barua ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi moja isiyovuka maili 30 ilitozwa senti 6. Ikivuka maili 400, senti 25. Ongeza karatasi ya pili, bei inakuwa maradufu. Na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Katikati palikuwa na viwango vya ajabu, senti 12 na nusu, senti 18 na robo tatu, kwa sababu sarafu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za Kihispania, za dola iliyogawanywa mafungu manane. Kwa familia ya mkulima senti 25 ilikuwa fedha ya kufikiria mara mbili. Sehemu kubwa ya maisha yao ilikwenda kwa kubadilishana: mayai na siagi vinaingia dukani, chumvi na misumari vinatoka. Sarafu mkononi zilikuwa chache.

Aliyelipa, kwa desturi, ni mpokeaji. Barua ilifika posta ya kijijini, ambayo mara nyingi ilikuwa kona ya duka, ikakaa pale kumsubiri mwenyewe aje na fedha. Asipokuja, jina lake lilitangazwa gazetini pamoja na ya wengine wenye barua zilizolala. Abraham Lincoln, kabla hajawa mtu wa kutajwa, alikuwa mkuu wa posta katika kijiji cha New Salem, Illinois, kuanzia 1833 hadi 1836, na inasimuliwa kwamba barua za watu alitembea nazo ndani ya kofia yake ili awakabidhi popote atakapokutana nao. Kwa mpango huo wa mpokeaji kulipa, mama aliyemwandikia binti yake aliyeolewa mbali alimpelekea salamu pamoja na deni.

Watu hawakukosa njia ya kupita pembeni. Gazeti lilisafirishwa kwa senti 1 ndani ya jimbo au kwa umbali wa maili 100, na kwa senti 1 na nusu likienda mbali zaidi. Basi mtu alichukua gazeti kuukuu, akatoboa kwa sindano chini ya herufi hii na ile, na mpokeaji akaliinua kwenye mwanga wa dirisha akaunganisha herufi zilizotobolewa zikawa ujumbe. Sheria ilikataza kuandika ndani ya magazeti, lakini karani gani angekagua kila tundu? Wengine hata hawakutoboa. Gazeti la kijijini likifika tu likiwa na anwani kwa mwandiko wa mama, ilitosha kujua kwamba bado yupo na mkono wake una nguvu.

Barua zenyewe zilifuata mwendo mmoja. Mwandishi aliarifu kwamba ameshika kalamu ili wenzake wajue kuwa kwake wote ni wazima kwa rehema za Mungu, na kwamba anatumaini mistari hiyo michache itawakuta nao katika afya ileile. Msomaji aliyewahi kuandika barua nyumbani kutoka shule ya bweni, akaanza na dhumuni la barua hii, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu, hahitaji maelezo zaidi. Ila kwa mama wa Illinois au Indiana wa miaka ya 1830 maneno hayo yalikuwa na uzito wake. Bonde la mto Mississippi lilikuwa nchi ya malaria. Walowezi waliijua kama homa ya kutetemeka, ikiwalaza kila mwisho wa kiangazi: leo baridi ya kugonganisha meno, kesho nafuu, keshokutwa tena. Mwenye uwezo alinunua kwinini. Asiye nao alisubiri majira ya baridi, ambayo yaliwaua mbu bila mtu yeyote kujua kwamba mbu ndio waliokuwa na kosa. Mwaka 1832, na tena 1849, kipindupindu kilipita kikifuata mito na barabara. Barua iliyosema wote wazima ilikuwa na tarehe juu yake, na kila aliyeisoma alihesabu kwanza siku zilizopita tangu tarehe hiyo.

Baada ya afya zilikuja habari ambazo wanahistoria, kwa muda mrefu, waliziruka. Nani amejifungua. Nani amehamia magharibi bila kuaga. Ng’ombe amekauka maziwa. Theluji imezuia watu kwenda kanisani. Siagi dukani inachukuliwa kwa bei gani. Baba wa nyumba, akiandika, aliandika ukurasa wa ardhi na bei ya ngano. Mara nyingi aliongeza tu mistari miwili mwishoni mwa barua ya mkewe. Kazi ya kuwaunganisha ndugu waliotawanyika ilikuwa ya mama, kama kufua na kuoka mikate, na kama kazi hizo nyingine haikuhesabiwa kuwa kazi. Ndugu wa mume nao waliangukia kwenye kalamu yake.

Mfano mzuri wa dharau hiyo ni shajara ya mkunga Martha Ballard wa Hallowell, Maine, aliyeandika karibu kila siku kuanzia 1785 hadi 1812. Wasomi waliiona wakasema imejaa mambo madogo ya nyumbani. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliyachukua mambo hayohayo madogo, akayahesabu na kuyapanga, akatoka na kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Kumbe uchumi wa kijiji kizima ulikuwa umekaa mle ndani ya nyuzi, kuku na uzazi. Shajara si barua, najua, lakini dharau iliyozipata ni ileile.

Barua hazikuwa siri pia. Ikifika, ilisomwa kwa sauti mbele ya meko, na jirani aliyekuwa amekaa pale alisikia. Kisha ilipelekwa kwa shangazi. Familia nyingine zilikuwa na barua ya mzunguko: kila aliyeipokea alisoma ya wenzake, akaongeza fungu lake, akaituma kwa ndugu anayefuata. Watoto wa mhubiri Lyman Beecher, mmoja wao Harriet Beecher Stowe, walifanya hivyo walipokuwa wametawanyika kati ya mashariki na magharibi. Mama aliyeandika alijua kuna masikio mengi upande wa pili, naye alichagua maneno. Mimba, kwa mfano, mara nyingi haikutajwa kwa jina lake; ilizungukwa kwa neno kama hali yangu, na wanawake wenzake wakaelewa. Ugomvi na mume ulikwenda kwa mdomo, na mtu anayeaminika.

Wakati huohuo mabinti walianza kuondoka. Kuanzia miaka ya 1820 viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, viliwatafuta wasichana wa mashambani wa New Hampshire, Vermont na Maine, vikawaweka kwenye mabweni yaliyosimamiwa na wanawake watu wazima ili wazazi watulie. Walifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, kwa kengele. Wengi waliandika nyumbani jinsi mshahara ulivyogawanyika: chakula na malazi kiasi hiki, viatu kiasi hiki, kilichobaki ninakileta. Mama naye aliuliza kama binti anakohoa. Swali hilo lilikuwa na msingi, maana vumbi la pamba lilijaa vyumbani na madirisha yalifungwa ili nyuzi zisikauke na kukatika.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kuwajali wasichana hao. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Zilichukua pembe, sandarusi na ngozi. Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho watu walikiita merikani, na kwa miongo kadhaa merikani ilikuwa nguo na fedha vilevile, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Upande mmoja wa uzi huo alikuwepo binti anayemwandikia mama yake habari za viatu. Upande mwingine, kule pamba ilikolimwa, walikuwepo mama ambao kwao kuandika barua lilikuwa jambo la aina nyingine kabisa, na nitarudi kwao.

Bei ilianguka kwa mafungu mawili. Mwaka 1845 Bunge la Marekani lilifuta hesabu ya karatasi na kuweka hesabu ya uzito: senti 5 kwa nusu wakia ndani ya maili 300, senti 10 zaidi ya hapo. Stempu za kwanza za serikali zilitoka Julai 1847, ya senti 5 ikiwa na sura ya Benjamin Franklin na ya senti 10 ikiwa na ya George Washington. Mwaka 1851 ikashuka tena: senti 3 kwa barua iliyolipiwa mapema, hadi umbali wa maili 3,000. Miaka michache baadaye kulipa mapema kukawa lazima, na deni la mpokeaji likafa. Hesabu inajieleza. Mwaka 1840 posta ilibeba barua zipatazo milioni 27. Mwaka 1860 zilikuwa karibu milioni 161, na watu hawakuwa wameongezeka hata mara mbili.

Kwa mama, mabadiliko hayo yalifungua mlango wa vitu vidogo. Sasa kwa kuwa kilichopimwa ni uzito, aliweza kutia ndani bahasha kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, kilichochomekwa kwa pini: hili ndilo gauni nililomshonea mdogo wako. Binti aliye mbali alikipapasa akajua ni pamba au sufu, akajua na mambo yakoje nyumbani. Waliweka mbegu za maua. Waliweka nywele, kishungi kilichofungwa kwa uzi. Nyingine ni za mtoto aliyekatwa nywele kwa mara ya kwanza, nyingine ni za mtoto aliyezikwa. Baada ya 1850 zikaja picha, kwanza za bei ghali zilizofungwa ndani ya kasha, kisha zile za kwenye bati jembamba ambazo hata kibarua aliweza kuzilipia.

California tu ndiyo iliyobaki ghali kwa muda. Wavulana waliokimbilia dhahabu mwaka 1849 walitozwa senti 40 kwa barua moja, iliyopita kwa meli na kukatiza Panama, mpaka kiwango kiliposhushwa katikati ya 1851. San Francisco, meli ya posta ikiingia, foleni ilizunguka mitaa na wapo waliouza nafasi zao kwa wenye haraka.

Sasa turudi kusini, kule pamba ilikolimwa. Georgia mwaka 1829, North Carolina 1830, Virginia 1831: majimbo hayo yalitunga sheria za kuzuia watumwa wasifundishwe kusoma na kuandika. Baadhi walijifunza kwa kificho. Wengine waliandikiwa, na hapo barua ilipita mikono ya mtu ambaye huenda ndiye aliyeamua hatima yao. Huko Abingdon, Virginia, kwenye shamba la Montcalm la gavana David Campbell, mtumwa wa nyumbani Hannah Valentine aliachwa gavana na familia yake walipohamia Richmond, wakiondoka na mumewe Michael na binti yake Eliza. Barua zake za 1837 na 1838 zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Duke. Zina salamu, habari za watoto na za nyumba, na mama anayeulizia mbona hajibiwi. Ni barua za mama yeyote, isipokuwa kila neno lilijua kwamba bwana anaweza kulisoma.

Tarehe 8 Oktoba 1852, Maria Perkins wa Charlottesville, Virginia, alimwandikia mumewe Richard, ambaye alimilikiwa na mtu mwingine. Siku ya mahakama, Jumatatu, bwana wake alikuwa amemuuza mtoto wao Albert kwa mfanyabiashara wa watumwa, na yeye na mtoto wa pili nao walikuwa wanauzwa. Alimwomba mume amuulize bwana wake, na daktari mmoja aliyemtaja, kama mmoja wao angekubali kumnunua, na amjibu kabla ya siku ya mahakama inayofuata. Jina la mtu aliyemchukua Albert alilijua; alikompeleka hakujua. Kisha, katikati ya msiba huo, akataja kwamba vitu vyake viko sehemu kadhaa, vingine viko Staunton, na kwamba akiuzwa hajui vitakuwaje. Mara ya kwanza nilipoisoma barua hiyo nilikwama hapo kwenye vitu. Ni mwanamke anayeendesha nyumba ambayo haina paa wala kuta, na bado anajua kila sufuria ilipo.

Stempu wakati huo ilikuwa ni senti 3 zilezile kwa Maria Perkins na kwa mke wa seneta. Kilichotofautiana ni muda. Mama wa Vermont alihesabu wiki hadi jibu lije; Maria alihesabu wiki hadi mnada.

Miaka saba baadaye Harriet Newby, aliyeshikiliwa utumwani Brentsville, Virginia, alimwandikia mumewe Dangerfield, mtu huru aliyekuwa akitafuta fedha za kumkomboa. Barua tatu ndizo zilizobaki, mbili za Aprili na moja ya Agosti 1859. Anamwambia mtoto mchanga ameanza kutambaa. Anamwambia amesikia bwana ana shida ya fedha, na kwamba akichelewa kumnunua, mwingine atamnunua. Oktoba mwaka huo Dangerfield Newby aliingia na mpinga utumwa John Brown katika shambulio la Harpers Ferry, akawa wa kwanza kuuawa kati ya washambuliaji. Barua za mkewe zilikutwa mwilini mwake, zikachukuliwa na serikali ya Virginia kuwa ushahidi. Ndiyo sababu zipo mpaka leo. Harriet aliuzwa Louisiana.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, mama wengi walibaki na barua isiyo na anwani. Waliipeleka gazetini. The Christian Recorder, gazeti la kanisa la weusi la AME lililochapishwa Philadelphia, lilijaa matangazo ya kutafuta ndugu: jina la mtoto, jina la bwana aliyemmiliki, jina la aliyemnunua, mwaka aliochukuliwa, kaunti. Wachungaji waliombwa wayasome kanisani, kwani wengi wa waliotafutwa hawakujua kusoma. Ukiyasoma kwa mfululizo unagundua mama alihifadhi kichwani rekodi ambazo hakuna ofisi iliyomtunzia.

Vita ya kaskazini na kusini iliyoumaliza utumwa, kati ya 1861 na 1865, iliwafanya watu ambao hawajawahi kuandika waandike. Sheria ya Julai 1861 iliruhusu askari wa kaskazini kutuma barua bila stempu, ikiandikwa juu yake kuwa ni ya askari, na malipo yakachukuliwa kwa mpokeaji. Yaani deni la zamani likarudi, safari hii likilipwa na mama kwa furaha. Kusini karatasi iliadimika mpaka bahasha ziligeuzwa upande wa ndani zikatumika mara ya pili, na nyingine zikakatwa kutoka kwenye karatasi za kupamba kuta. Lakini nenda leo kwenye hifadhi yoyote ya nyaraka za vita hiyo, utakutana na jambo moja: barua za askari kwenda nyumbani ni nyingi mno, za kutoka nyumbani ni chache. Mama aliweka za mwanawe sandukuni. Mwana alikuwa na mkoba uliolowa mvua, na wengi walizichoma kabla ya mapigano ili adui asizisome. Kwa hiyo mara nyingi tunamsikia mama kupitia majibu tu. Asante kwa soksi. Usiuze yule dume. Hapana, sijaanza kunywa.

Mmoja ambaye sauti yake ilipona ni Gro Svendsen, na ilipona kwa sababu barua zake zilikwenda mahali pakavu. Alizaliwa 1841 katika bonde la Hallingdal nchini Norway, akahamia Marekani na mumewe Ole mwaka 1862, wakaweka makazi kaunti ya Emmet, kaskazini mwa Iowa. Wazazi wake Norway walizitunza barua, na mwaka 1950 zilichapishwa kwa Kiingereza kama kitabu kiitwacho Frontier Mother.

Katika moja ya zile za mwanzo anaandika kuhusu maziwa. Kwao milimani, maziwa hukaa, jibini hutengenezwa, siagi huwekwa. Alikuwa amesikia kabla ya kuondoka kwamba Marekani mambo hayo hayawezekani, naye alishangaa. Sasa ameona mwenyewe. Joto la kiangazi linaharibu kila kitu, nzi na wadudu hawaruhusu jibini, na siagi isipotiwa chumvi au kufunikwa kwa maji ya chumvi huingia funza. Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama mapishi. Mimi naiona ni njia ya binti kumwambia mama yake kwamba kila alichomfundisha sasa hakifanyi kazi, bila kulisema hilo na kumuumiza. Anaandika pia juu ya nyoka, ngurumo, na moto unaokimbia kwenye nyasi za tambarare usiku, vitu ambavyo bonde lake halikuwa navyo.

Mwaka 1864 Ole alichukuliwa jeshini, katika vikosi vya Jenerali Sherman wa kaskazini, na Gro akabaki na watoto wadogo na shamba lisilo na mwanamume. Mume alirudi 1865. Katikati ya miaka ya 1870 nzige wa milima ya Rocky walishuka kwenye majimbo ya tambarare mwaka baada ya mwaka wakala hadi majani ya mwisho. Na karibu kila barua ina mtoto mpya. Barua za kwenda Norway zilikuwa ghali kuliko za ndani mpaka makubaliano ya Bern ya 1874, yaliyounda umoja wa posta wa kimataifa, yalipoanza kufanya kazi Julai 1875. Hapo barua kutoka Iowa hadi Hallingdal ikawa senti 5. Gro aliifaidi bei hiyo kwa miaka mitatu. Alifariki 1878 katika uzazi wake wa kumi, akiwa na miaka 37 hivi.

Mwaka 1883 bei ya barua ya ndani ilishuka hadi senti 2. Kizuizi kilichobaki kilikuwa barabara. Mijini posta ilikuwa imeanza kupeleka barua mlangoni tangu 1863, bure, lakini mkulima bado alifunga farasi, akaenda maili nyingi kuuliza kama kuna chochote, akarudi mikono mitupu. Wasomaji wenye sanduku la posta mjini na nyumba kijijini wanaijua safari hiyo. Chama cha wakulima cha Grange kilipiga kelele kwa miaka kwamba barua zipelekwe mlangoni hata mashambani. John Wanamaker, waziri wa posta aliyekuwa pia tajiri wa maduka, aliitetea hoja yao, ila ilianza kutekelezwa chini ya William L. Wilson, tarehe 1 Oktoba 1896, huko West Virginia: Charles Town, ambako ndiko kwao Wilson, na vijiji jirani vya Halltown na Uvilla. Mwaka 1902 huduma hiyo ikawa ya kudumu.

Wenye maduka hawakuifurahia. Posta ndogo za vijijini zilifungwa kwa maelfu, na pamoja nazo ikaondoka sababu ya mkulima kupita dukani kila Jumamosi. Sanduku la barua mwanzoni lilikuwa chochote kilichopatikana, ndoo ya mafuta ya nguruwe au kopo la sharubati lililopigiliwa kwenye nguzo, mpaka serikali ilipoamua kuweka kipimo. Tarishi alipita na gari la farasi akiwa na stempu za kuuza na fomu za hawala. Mama aliyekuwa na barua tayari lakini hana stempu aliiweka sandukuni na senti mbili juu yake, akaendelea na kazi zake. Matarishi walilalamikia jambo hilo hadi makao makuu: wakati wa baridi kali walilazimika kuvua glovu ili kubandua sarafu zilizoganda chini ya kopo, nyumba hadi nyumba, huku farasi akisubiri.